P83 kwenye karatasi ya mtoto mchanga maana yake nini

Mtoto anaruhusiwa kutoka wodini, mama anaangalia karatasi anakuta P83.1 imeandikwa pembeni ya maneno ya daktari afu hofu inaanza, mana mtoto ananyonya vizuri, analala vizuri, sasa huo ugonjwa wenye namba ni upi? Hiyo namba inaitwa msimbo wa utambuzi wa ugonjwa. Kila tatizo la kiafya limepewa herufi na tarakimu zake ili hospitali, bima na wizara wakisoma waelewe kitu kimoja, hata kama daktari mmoja kaandika "upele" na mwingine kaandika jina refu la kitaalamu. Orodha yenyewe ni ya Shirika la Afya Duniani, inaitwa ICD. Toleo la 10 lilipitishwa 1990 na nchi zikaanza kulitumia 1994, la 11 limeanza rasmi Januari 2022 lakini la 10 bado liko kwenye mafaili mengi sana kwahiyo naongelea hilo.

Sasa watu wengi, hata wanaojifunza kazi ya rekodi, wanadhani ngozi ni ngozi tu. Kwenye ICD-10 magonjwa ya ngozi yana sura yao, herufi L, so mtu akiona upele anakimbilia huko. Kwa mtoto mchanga unatakiwa ujiulize kwanza hili jambo limeanzia wapi. Kama ni kitu kinachotokea kwa sababu tu mtoto ndo amezaliwa, yani mtu mzima hawezi kukipata, kinakwenda sura ya P, ile ya matatizo yanayoanzia kipindi cha kuzaliwa, na P83 ndo fungu la ngozi humo ndani. Kama ni kitu ambacho mtu wa umri wowote anaweza kupata basi kinabaki L hata mtoto awe na wiki mbili, mfano vipele vyekundu vya joto ni L74.0 na muwasho wa ngozi sehemu ya nepi ni L22. Na kama ngozi yenyewe iliumbika hivyo tumboni, alama ya kuzaliwa nayo kwa mfano, au ule ugonjwa wa kurithi ambao ngozi inatoka malengelenge ikiguswa kidogo tu, hapo ni herufi Q, Q82.5 na Q81.

Manjano ndo inawapoteza wengi zaidi. Rangi unaiona kwenye ngozi na macho lakini tatizo liko kwenye damu na ini, kwahiyo haiingii P83 kabisa, ile ya kawaida ya mtoto mchanga iko P59 na ile inayotokana na damu ya mama na mtoto kutopatana iko P55.

Turudi P83.1 mana ndo inayotisha wazazi bila sababu. Jina lake ni erithema toksikamu. Siku ya pili au ya tatu hivi unaona madoa mekundu kifuani, usoni, mgongoni, katikati ya doa kuna kijipele kidogo cheupe au cha njano kama kina usaha, afu asubuhi yako tumboni, jioni yale yamepotea mengine yametokea pajani. Viganjani na kwenye nyayo kwa kawaida hamna. Ukichukua majimaji ya kile kipele ukaweka kwenye darubini unakuta chembe za damu aina ya eosinofili, bakteria hakuna. Inaondoka yenyewe ndani ya wiki moja au mbili, haihitaji dawa, haihitaji kupakwa chochote. Sasa linganisha na vipele vya usaha wa kweli vya maambukizi, hivyo ni P39.4, na mtoto wa hivyo anahitaji matibabu haraka hasa akiwa na homa au amegoma kunyonya. Kwa macho ya haraka haraka vinafanana! Ndo mana anayeweka msimbo hatakiwi kubahatisha kutoka kwenye neno "vipele" peke yake, anatakiwa arudi kwa daktari aulize.

Na kuna hatari nyingine ambayo mimi naona haisemwi vya kutosha. P83.1 ni vile vipele visivyo na madhara. P83.2, tarakimu moja tu mbele, ni mtoto aliyejaa maji mwilini tangu tumboni, maji kifuani, tumboni, chini ya ngozi, hali ambayo watoto wengi hawaponi. Kidole kikiteleza kwenye kibodi mtoto mzima anaingia kwenye takwimu kama mgonjwa mahututi, na faili hilo linamfuata. Majirani wengine humo ndani nao wanashangaza, P83.4 ni matiti ya mtoto kuvimba, P83.5 ni busha la kuzaliwa nalo. Hayo matiti yanavimba kwa sababu ya homoni za mama, yanarudi yenyewe, tafadhali msiyakamue, mana kukamua ndo kunaleta jipu.

Afu kuna ile 9 ya mwisho, P83.9, maana yake tatizo la ngozi ya mtoto mchanga ambalo halikubainishwa. Ipo kwa ajili ya pale ambapo kweli haijulikani, lakini inageuzwa kuwa njia ya mkato siku ambayo mafaili yamerundikana, na ikijaa kwenye ripoti hakuna anayeweza kujua wodi ilikuwa na vipele vya kawaida au maambukizi yanayosambaa kitanda hadi kitanda. Wamarekani kwenye toleo lao wameenda hata mbali zaidi, tangu Oktoba 2017 kile kinyama kinachoota kitovuni kimepewa msimbo wake, P83.81, badala ya kuchanganywa na mengineyo.

Mzazi ukiona P83 kwenye karatasi soma tarakimu baada ya nukta, na kama ni 9 muulize daktari aliona nini hasa. Na misimbo ya P inakaa kwenye faili la mtoto, ukiikuta kwenye faili la mama waambie waitoe.