Nywele Zinakatika au Zinang'oka? Maswali na Majibu

Kila nikichana, kichana kinajaa nywele. Upara unaanza?

Si lazima. Kichwa chenye afya hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku. Aliyekaa na misuko wiki mbili akifumua hutoa fungu zima, maana zilizong'oka siku zote hizo zilinaswa humo humo. La kukushtua ni mabadiliko: fungu kukua wiki hadi wiki na wewe hujabadili chochote.

Nitajuaje kama zinakatika au zinang'oka?

Shika unywele mmoja kwenye mwanga. Ukiwa na kinundu cheupe upande mmoja, kidogo kuliko kichwa cha pini, umetoka na shina lake: umeng'oka. Ukikosa kinundu, na vipande ni vifupi vifupi, umekatika. Kukatika kunatokana na dawa za kulainisha, pasi ya moto au kuchana kwa nguvu. Kung'oka chanzo chake ni ngozi au mwili. Wengi huyaita yote mawili “kukatika”, ndiyo maana hununua mafuta yasiyogusa tatizo lao.

Kuna kipimo cha kufanya nyumbani?

Kipo. Usioshe nywele siku moja kabla. Shika nywele kama 50 karibu na ngozi kwa kidole gumba na viwili vingine, uvute taratibu hadi nchani bila kushtua. Rudia utosini, pande zote mbili na kisogoni. Zikitoka zaidi ya tano au sita zenye vinundu katika shiko moja, kuna kung'oka kusiko kwa kawaida. Nywele za kipilipili hunasa vidoleni zikakatika, hizo usizihesabu.

Nitazame wapi kwanza?

Wanaume: panjani na utosini. Wanawake: njia ya katikati ikipanuka. Upara wa kurithi hauanzi kwa kichwa kuwa wazi. Unywele huota mwembamba na mfupi kuliko uliotangulia, mara kadhaa, kabla haujatoweka. Jicho halioni hilo kwenye kioo cha kila siku, kwa hiyo piga picha mara moja kwa mwezi, mwanga ule ule, nywele zikiwa kavu.

Kwa wanaosuka, tazameni ukingo wa paji la uso. Vipele vidogo kwenye mashina na maumivu usiku wa kwanza ndiyo dalili yenyewe. Ukihitaji dawa ya maumivu ili ulale, fumua. Mapema hivyo nywele hurudi. Baada ya miaka ya kuvutwa, ngozi hubaki laini na hakioti kitu.

Zimeanza kutoka ghafla, kichwa kizima.

Hesabu nyuma miezi miwili au mitatu: kujifungua, homa kali, upasuaji, kujinyima chakula? Nywele hupumzika kwanza ndipo zing'oke, hivyo chanzo huwa kimeshasahaulika. Kwa kawaida hukoma ndani ya miezi sita. Zikiendelea, pima damu: madini ya chuma na tezi ya thairoidi.

Lipi halisubiri?

Utosi unaowaka au kuwasha huku ngozi ikingʼaa na vitundu vya nywele vikipotea: hapo kovu linajijenga, na kila mwezi una hasara. Kiraka cha mviringo kilicho laini kabisa nacho kionwe na daktari wa ngozi. Mtoto mwenye magamba na vidoa vyeusi vya nywele zilizovunjika huenda ana mapunye. Hutibiwa kwa dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa, kwani krimu haifiki kwenye shina.