Kalsiamu ikishaingia kwenye ncha ya neva, nani anaitoa?

Nafundisha fiziolojia kwa wanafunzi wa udaktari hapa Dodoma, na kuna swali ambalo haliishi kuulizwa darasani: ikiwa kalsiamu ndiyo inayoiamuru ncha ya neva imwage kemikali zake, kwa nini ncha hiyo isijiwekee kalsiamu ya kutosha ndani, ikakaa tayari kwa kazi? Nalipenda swali hili kwa sababu jibu lake linakwenda kinyume na wanavyotarajia. Ncha ya neva haihangaiki kuipata kalsiamu. Inahangaika kuifukuza.

Tazama tarakimu. Kwenye majimaji yanayoizunguka seli, kalsiamu huru ni takribani milimoli 1.2 kwa lita. Ndani ya ncha iliyotulia ni kama milimoli 0.0001. Tofauti hiyo ya zaidi ya mara 10,000 inalipiwa kwa nishati usiku na mchana. Seli haina hiari: inatumia fosfeti kila mahali, na fosfeti ikikutana na kalsiamu nyingi hufanya chumvi isiyoyeyuka. Tena kalsiamu ikizidi na kukaa, huamsha vimeng'enya vinavyoitafuna seli yenyewe. Ila gharama hiyo ina faida yake. Ndani pakiwa karibu patupu, hata ioni chache (chembe za kalsiamu zenye chaji) zikiingia zinasikika.

Msukumo wa umeme ukifika mwisho wa neva, chaneli za kalsiamu, yaani milango ya kuipitisha kwenye utando wa seli, hufunguka kwa muda mfupi sana, milisekunde moja hivi. Mdomoni mwa chaneli kiwango huruka zaidi ya mara 100, lakini ni hapo tu. Vifuko vya asetilikolini, kemikali inayouamuru msuli ukaze, vimesogezwa hapo hapo, na protini iitwayo sinaptotagmini ikishaikamata kalsiamu, kifuko huungana na utando na kumwaga kilichomo. Mwaka 1967 Dodge na Rahamimoff, wakifanya kazi na misuli ya chura, walikuta kwamba kiasi kinachomwagwa hufuata kipeo cha nne cha kalsiamu. Ukiipunguza kwa nusu, hutabaki na nusu ya kazi; utabaki na sehemu moja ya kumi na sita. Ishike hesabu hii, itatufaa wodini.

Baada ya hapo inabidi kusafisha, na wanafunzi wengi hukimbilia kutaja pampu. Pampu hazina kasi hiyo. Wa kwanza kazini ni protini zinazoinyakua kalsiamu na kuishikilia, kama parvalbumini na kalbindini kwenye neva zilizo nazo. Katika kila ioni 100 zinazoingia, zaidi ya 95 huwa zimeshashikwa kabla hazijafika mbali. Ni kama korongo letu baada ya mvua: maji huja kwa kishindo, mchanga ukayanywa, ukipita baadaye unaona pakavu, kumbe maji bado yapo chini. Kalsiamu iliyoshikwa haijatoka. Imenyamazishwa tu.

Kuitoa ndiyo kazi ya mashine mbili za kwenye utando. Moja hubadilishana: sodiamu tatu ziingie, kalsiamu moja itoke. Hii ina nguvu wakati kiwango kiko juu. Nyingine ni pampu inayotumia molekuli moja ya ATP, nishati ya seli, kwa kila ioni. Si ya haraka, lakini hukamata hata kalsiamu kidogo sana, kwa hiyo ndiyo inayokirudisha kiwango chini kabisa. Neva ikifanya kazi mfululizo na hizo mbili zikazidiwa, mitokondria, vinu vya nishati vya seli, humeza ziada na kuirejesha polepole baadaye, kwa sekunde au hata dakika.

Kumbe basi msukumo wa pili ukija upesi hukuta mabaki ya ule wa kwanza, na mabaki hayo huongeza mmwago. Ushahidi mzuri wa jambo hili upo kwa wagonjwa wa Lambert-Eaton, ambao kingamwili zao hushambulia chaneli za kalsiamu za ncha ya neva. Rifleksi ya goti, yaani mguu kuruka wenyewe goti likigongwa, inaweza isionekane kabisa. Mwambie mgonjwa akaze paja kwa nguvu kama sekunde 10, gonga tena, na mguu unaruka. Ni ugonjwa adimu, lakini nitaufundisha hadi nistaafu.

Kisicho adimu ni kifafa cha mimba. Mama hupewa magnesiamu salfeti ili kuzuia degedege, na misuli haikuwa mlengwa. Lakini ioni ya magnesiamu, yenye chaji mbili kama kalsiamu, hukaa mlangoni pa chaneli isipite, na kalsiamu inayoingia hupungua. Hapo kipeo cha nne kinaanza kuuma: upungufu mdogo mlangoni huwa mkubwa kwenye msuli. Dawa hufanya kazi kwenye damu kwa milimoli 2 hadi 3.5 kwa lita. Zaidi ya hapo rifleksi ya goti hupotea, na kuanzia milimoli 5 hivi misuli ya kupumua huweza kulegea. Goti hutangulia kifua. Ndiyo maana kabla ya kila dozi mkunga hugonga goti, huhesabu pumzi zisipungue 16 kwa dakika, na hupima mkojo usiwe chini ya mililita 30 kwa saa.

Mambo yakiharibika, dozi inayofuata inasimamishwa, mama anasaidiwa kupumua, na gramu 1 ya kalsiamu glukoneti inapitishwa taratibu kwenye mshipa. Haiiondoi magnesiamu mwilini; inashindana nayo mlangoni kwa wingi wake. Anayeitoa magnesiamu ni figo, na ndiyo sababu huwa nawauliza wanafunzi habari za mkojo kabla hawajaniambia lolote kuhusu nyundo ya kugongea goti.