Bukavu si Uvira: tunayodanganyana kuhusu matunda ya kigeni

Maji ya Ziwa Kivu yako mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na kutoka pale ufukweni mji wa Bukavu unaanza kupanda: Nguba, Ndendere, Kadutu, Bagira. Hakuna mtaa ulio chini ya ziwa. Hilo kila mtu analijua kwa miguu yake. Lakini mtu huyohuyo akiamua kupanda mti wa tunda geni katika parseli yake, analisahau, na hapo ndipo pesa za miche zinapopotelea.

"Tuko tropiki, kila tunda la tropiki litakubali hapa"

Hii ndiyo dhana mama, nyingine zimezaliwa nayo. Ukitazama ramani, ni kweli tuko chini kidogo tu ya ikweta. Mti lakini hausomi ramani. Unasikia joto la usiku, unasikia mvua, na joto linashuka kama digrii 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Teremka hadi Uvira, ambako Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi, na umeshapata karibu digrii 4 zaidi. Digrii 4 kwa binadamu ni sweta tu. Kwa mti wa tunda ni kuzaa au kutozaa.

Chukua mwembe, ambao hata si mgeni. Hapa Bukavu unanenepa, unatoa majani ya kung'aa, unampa mwenye nyumba kivuli kizuri. Maembe yenyewe? Mengi tunayonunua Nyawera na Kadutu yamepanda barabara kutoka bonde la Ruzizi. Mwembe unataka ukavu na joto wakati wa maua, na kiangazi chetu cha Juni hadi Agosti ni kifupi na cha baridi. Mvua ya Septemba ikiyakuta maua bado, ukungu wa antraknosi unayachoma yote yanakuwa meusi.

Sasa kama mwembe unasumbuka, mangostini itafanya nini? Mangostini, duriani na rambutani ni watoto wa mabonde ya joto ya Malaysia na Indonesia. Mangostini joto likiwa chini ya digrii 20 inakaribia kusimama kukua, na wastani wetu wa mwaka mzima unacheza palepale kwenye 20. Utakuwa na mche wenye majani manne kwa miaka, utauonea huruma, utaumwagilia, na hautakupa kitu.

Habari njema ni kwamba kuna matunda ambayo Uvira hawayawezi na sisi tunayaweza. Ni yale yaliyozoea ubaridi: cherimoya, ndugu ya stafeli, ya mabonde ya milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, maracuja (pasheni) ya zambarau, nèfle (loquat) kutoka China, na hii tunayoiita prune du Japon, yaani nyanya ya mti (tamarillo), ambayo kwao pia ni Andes. Ukitaka kujua kama mti utakubali Bukavu, usiulize kama unatoka nchi ya joto. Uliza kwao wanauotesha mita ngapi.

"Mbegu ni mbegu, ilimradi imekauka vizuri"

Maharagwe ndiyo yametufundisha hivyo, na kwa maharagwe ni sawa. Mbegu za litchi, rambutani na mangostini zikikauka zimekufa. Ya litchi ikishatoka ndani ya tunda ina siku chache tu. Kwa hiyo yule anayekuuzia kwa simu kipakiti cha mbegu za rambutani zilizokauka anakuuzia takataka, hata kama picha yake ni nzuri namna gani. Mbegu za cherimoya, cœur de bœuf (topetope) na prune du Japon zinavumilia kukauka, hizo unaweza kupokea kwenye bahasha bila wasiwasi.

"Mti wa kugrefa ni wa dawa, hauna nguvu ya mti wa mbegu"

Kugrefa hakuna dawa yoyote ndani yake. Unakata kijiti cha mti uliokwisha kuzaa matunda unayoyapenda, unakifunga juu ya mche mchanga ulioota kwa mbegu, vinashikana. Kile kijiti tayari ni mtu mzima, ndiyo maana avoka ya kugrefa inazaa mwaka wa tatu au wa nne, na ya mbegu inaweza kukuchelewesha hata miaka kumi, halafu ikutolee tunda la maji lenye nyuzi. Avoka zote duniani zinazoitwa Hass zimetokana na mti mmoja wa California, uliosajiliwa na Rudolph Hass mwaka 1935. Mti wenyewe ulikufa mwaka 2002. Vijiti vyake viko kila bara.

Ipo miti isiyohitaji kugrefwa. Mangostini mbegu yake haitokani na chavua, kwa hiyo mtoto ni mama yuleyule. Prune du Japon nayo inaota kwa mbegu na kuzaa mwaka wa pili, hakuna sababu ya kujisumbua. Ila ipande penye kinga ya upepo: mizizi yake ni ya juujuu na matawi yanavunjika ovyo yakibeba matunda.

"Iko dume ile, kata tu"

Jirani yeyote atakuambia hivi akiona mti wako unatoa maua kila msimu na maua yanadondoka chini. Kwa mpapai anaweza kuwa amesema kweli. Kuna mpapai dume, unaujua kwa maua yake madogo yanayoning'inia kwenye vikonyo virefu kama shanga. Msumari unaopigiliwa kwenye shina lake ili "ugeuke jike" haugeuzi kitu. Mipapai mingine hubadilika yenyewe joto linapobadilika, na msumari unapewa sifa isiyo yake. Kinachobaki ni kidonda ambamo uozo unaingilia.

Cherimoya ni hadithi nyingine kabisa, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nimeona miti mizima ikikatwa bure. Kila ua la cherimoya lina sehemu zote mbili, ya kike na ya kiume, ila haziamki saa moja. Lichunguze. Ua lina petali tatu nene, za kijani iliyofifia, zenye manyoya laini, na linatazama chini kama mtu mwenye haya. Kwanza petali zinaachana kidogo tu, unaona ufa mwembamba. Hapo ndani kile kikoni kidogo cha kike kinanata na kinangoja chavua. Kesho yake alasiri petali zinafunguka wazi, na sasa ndipo chavua inamwagika, wakati sehemu ya kike ya ua hilohilo imekwisha kukauka. Kwao Andes kuna vijidudu vidogo vinavyotambaa kutoka ua hadi ua na kumaliza kazi hiyo. Ugenini vijidudu hivyo ni haba, au havijui la kufanya.

Basi kazi inakuwa yako. Alasiri, ua likiwa wazi kabisa, weka kikombe kikavu chini yake ulitikise, chavua na vile vijiti vyake vidogo vidondoke. Chukua brashi ndogo ya rangi ya watoto wa shule, uchovye, kisha tafuta maua ambayo bado yana ufa tu. Panua petali kwa vidole taratibu na uzungushe brashi pande zote za kile kikoni. Pande zote, nasisitiza: upande usiopata chavua haunenepi, na tunda linatoka limepinda kama figo. Kama jioni hiyo hukupata ua lenye ufa, chavua itangoja ndani ya kikombe hadi asubuhi. Wakulima wa pwani ya Granada, Hispania, wanaoishi kwa tunda hili, hufanya hivyohivyo kwa mkono. Mti si dume, na hakuna aliyeuroga.

"Nilishaonja, halina ladha"

Mara nyingi aliyesema hivi alionja tunda bichi. Cherimoya inachumwa ingali ngumu, pale rangi ya kijani inapoanza kupauka na mabonde kati ya magamba yake yanapojaa. Kisha inawekwa mezani siku tatu hadi tano mpaka iitike kidole kama avoka. Ukiitia kwenye frigo kabla haijalainika, ngozi inakuwa nyeusi na utamu hauji tena. Ikiwa tayari, unaipasua kwa mikono, unakula nyama nyeupe kwa kijiko na kutema mbegu. Mbegu hizo ni sumu, usizisage wala usizitafune, na unga wake ukiingia machoni unajeruhi vibaya.

Prune du Japon nayo watu wanaing'ata kama nyanya, wanakuta ngozi chungu, wanaitupa. Ngozi hailiwi. Subiri tunda liwe jekundu au la chungwa lote, likate katikati, nyunyizia sukari kidogo kwenye vile vikombe viwili, uvile kwa kijiko. Ukitaka juisi, lichovye katika maji ya moto dakika moja na ngozi itavuka yenyewe.

Na kuna jabotikaba ya Brazil, ambayo zabibu zake nyeusi zinaota moja kwa moja kwenye shina, watu wakidhani mti una ugonjwa wa majipu. Ukiichuma, siku ya tatu au ya nne imeanza kuchacha. Hutaikuta sokoni kamwe, kwa hiyo asiye nayo nyumbani haonji. Ya mbegu inataka miaka minane na zaidi. Mpandie mtoto.

"Majani ya corossol yanaponya kansa"

Hapa sicheki. Katika maabara, viini vya corossol, tunaloliita pia stafeli, vimeua seli za kansa ndani ya vyombo vya kioo. Vitu vingi vinaua seli ndani ya kioo, hata jiki. Hakuna utafiti uliofanywa kwa wagonjwa ulioonyesha kwamba chai ya majani haya inaponya kansa. Kuna jambo la kuogopesha zaidi: mwaka 1999 watafiti walichapisha habari za Guadeloupe, ambako waliona aina isiyo ya kawaida ya ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa ikiandamana na ulaji wa matunda haya na unywaji wa chai ya majani yake. Ndani yake kuna anonasini, kitu kinachodhuru seli za neva. Juisi ya tunda mara mojamoja kwenye arusi ni kitu kimoja. Kikombe cha majani kila asubuhi, huku mgonjwa ameacha miadi ya hospitali, ni kingine. Mama anayeuza majani hayo sokoni simlaumu, anatafuta riziki. Nawalaumu wanaosambaza ujumbe ule kwa simu bila kuuliza.

"Funza anazaliwa na tunda"

Anawekwa. Inzi wa matunda anatoboa ngozi na kutaga mayai ndani. Mmoja wao, mgeni kutoka Asia, alionekana Kenya mwaka 2003 na tangu hapo ameenea Afrika. Vika tunda mfuko wa karatasi lingali changa. Yaliyodondoka usiyaache chini ya mti: yafunge ndani ya mfuko mweusi, uanike juani siku kadhaa, au yafukie kina cha nusu mita.

"Mti wa tunda hauwezi kuwa gugu"

Unaweza. Ile pera ndogo nyekundu yenye harufu ya frezi, ambayo miche yake inapendeza sana ndani ya nusu ya fusti, imo katika orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya kuliko vyote duniani. Huko Hawaii na Mauritius imefunika misitu mizima, ndege wakibeba mbegu. Sisi tuna msitu wa Kahuzi-Biega hapo juu, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1970, na ndege hawasimami kizuizini. Ukiwa nayo, kula matunda yake yote au yatengeneze jamu, na maganda usiyatupe kwenye mto Kawa.