Je, wajua kwa nini Hitler alibebeshwa peke yake lawama za kushindwa vita?

Muulize mpenzi yeyote wa habari za Vita Kuu ya Pili ya Dunia: Ujerumani ilishindwaje? Huenda akakujibu kwamba majenerali walikuwa hodari, ila Hitler aliwaingilia kazi akaharibu kila kitu. Maelezo haya yalienezwa na majenerali wenyewe.

Hitler alijiua Aprili 30, 1945, na marehemu hajitetei. Majenerali wake wengi walibaki hai mikononi mwa Wamarekani, ambao nao walikuwa na haja yao: kujua namna ya kupigana na Wasovieti. Basi majenerali hao wakapewa karatasi na kalamu waandike waliyoyajua. Aliyewasimamia wenzake ni Franz Halder, mnadhimu mkuu wa jeshi la nchi kavu tangu 1938 hadi Hitler alipomfukuza 1942. Mwaka 1949 Halder akatoa kijitabu chake kumhusu Hitler kama amiri jeshi, akimtwika makosa yote makubwa. Jenerali mwenzake, Erich von Manstein, akafuata na kumbukumbu zake mwaka 1955. Mwaka 1961 Marekani ikamtunuku Halder nishani, mtu yuleyule aliyesimamia mipango ya kuivamia Urusi!

Chukua mfano wa Dunkirk, mji wa bandari nchini Ufaransa. Mei 1940 vifaru vya Ujerumani vilisimama ghafla, na wanajeshi zaidi ya 338,000 wa Uingereza na washirika wake wakavuka bahari hadi Uingereza. Majenerali walisema ni amri ya Hitler. Wanahistoria waliporudi kwenye shajara za vita walikuta Jenerali Gerd von Rundstedt alikuwa ameshavisimamisha vifaru hivyo tangu Mei 23. Hitler alifika makao ya Rundstedt huko Charleville kesho yake, akaibariki amri hiyo.

Na fedha je? Wakuu wa jeshi wenye cheo cha juu kabisa walipokea kutoka kwa Hitler maelfu ya maki (fedha ya Ujerumani) kila mwezi nje ya mshahara, bila kodi. Jenerali Wilhelm von Leeb alipotimiza miaka 65, Septemba 1941, majeshi yake yakiukaribia mji wa Kisovieti wa Leningrad, alitumiwa maki 250,000.

Lakini linaloniuma mimi ni damu. Wafungwa wa vita wa Kisovieti wapatao milioni 3 walikufa mikononi mwa Wajerumani, wengi kwa njaa, kwenye kambi zilizosimamiwa na jeshi hilihili. Katika kumbukumbu za majenerali, mambo haya hupitwa kimyakimya au husukumiwa SS, kikosi chenye silaha cha chama cha Nazi cha Hitler.

Walichokijua tunakisikia Trent Park, jumba kaskazini mwa London ambako Waingereza waliwatunza majenerali waliotekwa, wakawapa starehe, na kuficha vinasa sauti vyumbani. Kwingineko jumbani, wakimbizi waliojua Kijerumani, wengi wao Wayahudi, walikaa na visikizio masikioni wakinakili. Mwaka 2005 mwanahistoria Sönke Neitzel alichapisha mazungumzo hayo. Yumo Dietrich von Choltitz, gavana wa kijeshi wa mwisho wa Wajerumani mjini Paris. Baada ya vita alijieleza kuwa ndiye aliyekaidi amri ya Hitler akauokoa mji huo. Agosti 1944, bila kujua kwamba anasikilizwa, alimwambia jenerali mwenzake kwamba kazi mbaya kuliko zote alizowahi kuzifanya ilikuwa kuwaangamiza Wayahudi, na kwamba aliitimiza hadi mwisho.