Ukitaka kuanzisha huduma ya kisukari, anza na mgonjwa anayerudi

Kila Novemba, hasa kuelekea tarehe 14 ambayo ni Siku ya Kisukari Duniani, mahema ya kupima sukari bure hutandazwa kwenye viwanja vya mpira, stendi, na nje ya misikiti na makanisa. Watu hupanga foleni, hutobolewa kidole, huandikiwa namba kwenye kipande cha karatasi na kuambiwa, "Mama, sukari yako iko juu, nenda hospitali." Kazi hiyo ni njema. Lakini vijana wanaokuja kwenye taasisi yetu kuomba ushauri wa kuanzisha biashara ya kijamii (inayojiendesha kwa mapato yake, lengo likiwa huduma) ya kisukari, karibu wote huja na hema hilo kichwani. Andiko lao la mradi limejaa habari za kupima, na la kufanya baada ya kupima limeandikwa mistari michache tu.

Kwanza, namba moja ya hemani haitoshi kumpa mtu jina la ugonjwa. Tunasema ana kisukari pale sukari ya kufunga, yaani baada ya saa 8 au zaidi bila kula, inapofika 7.0 (milimoli kwa lita, mmol/L) au kuzidi, au sukari ya wakati wowote inapofika 11.1 na ana dalili kama kiu isiyokwisha, kukojoa mara kwa mara na kukonda. Asiye na dalili lazima arudiwe siku nyingine. Pili, kisukari hakina dozi ya siku saba ukamaliza. Anayegundulika akiwa na miaka 45 anaweza kuishi nacho miaka 30 au zaidi, na miaka yote hiyo anahitaji dawa, vipimo, kuangaliwa macho, figo na miguu, na mtu wa kumuuliza maswali. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania Bara mwaka 2012 ulikuta kisukari kwa asilimia 9.1 ya watu wa miaka 25 hadi 64. Kwa hiyo wahitaji wapo, tena wengi. Swali la kukesha nalo ni kama huyu uliyempata leo utamwona tena baada ya miezi minne, na baada ya miezi kumi na minne.

Ndiyo maana huwa nawaomba waweke pembeni jina, nembo na rangi za ofisi, waniambie kwanza pesa itatoka wapi. Huduma huelekea inakopatia riziki yake. Kituo kinachoishi kwa kuuza dawa kitaelekea kuuza dawa nyingi, hata kama wenye nacho ni watu wema. Kinachoishi kwa kusafisha vidonda kitanufaika vidonda vikiongezeka. Kinachotegemea mfadhili anayelipa kwa kila kichwa kilichopimwa kitapima vichwa. Mimi nasema wazi kwamba chanzo kikuu cha mapato kiwe kile kinachoongezeka mgonjwa akiendelea kuja na kupungua akikata tamaa. Mara nyingi hicho ni ada ndogo ya uanachama, ya mwezi au ya mwaka, inayomhakikishia mtu huduma zote za msingi bila kutoa pesa upya kila anapogusa mlango.

Wazo hilo limejaribiwa. Kule Monterrey, Mexico, Javier Lozano alianzisha Clínicas del Azúcar, kliniki zinazowahudumia watu wa kipato cha chini na cha kati wenye kisukari. Mwanachama hulipa ada ya mwaka, na daktari, muuguzi, mtaalamu wa lishe, vipimo na uchunguzi wa macho na miguu anavipata chini ya paa moja, badala ya kuzunguka mji mzima akitafuta kimoja kimoja. Sisi hatuna kipato cha Mexico, kwa hiyo bei zao hazituhusu. Cha kuiga ni namna walivyofunga pesa na kurudi kwa mgonjwa pamoja.

Tufanye hesabu kidogo. Namba zifuatazo ni za mfano, weka zako baada ya kuulizia bei mtaani kwako. Tuseme ada ni shilingi 12,000 kwa mwezi na umeandikisha watu 250. Usipige hesabu ya 250. Kuna waliosafiri, waliofiwa, wanaosubiri mavuno, na waliopata nafuu wakaona wamepona. Chukua walipaji 150. Mapato ni 1,800,000. Gharama zisizobadilika: pango 250,000, muuguzi wa kudumu 600,000, tabibu anayekuja siku kadhaa kwa wiki 400,000, karani ambaye pia ndiye mpiga simu kwa wasiorudi 300,000, umeme, maji na usafi 100,000. Jumla 1,650,000. Kila anayehudhuria anatumia vifaa vya shilingi 1,500, ikiwemo stripu ya kupimia, sindano ya kutobolea na pamba. Kwa watu 150 hiyo ni 225,000. Umepungukiwa 75,000.

Ada hapo huna haja ya kuipandisha. Kila mlipaji mmoja zaidi anakuachia 10,500 baada ya vifaa vyake, kwa hiyo ukifika walipaji 158 unaanza kujitegemea. Sasa ongeza wanachama 30 wasio na uwezo kabisa, wanaohudumiwa bure. Vifaa vyao ni 45,000, nawe unahitaji walipaji 162 badala ya 158. Walipaji wanne wanawabeba watu 30. Nimeona nyuso zikibadilika watu wanapolifikia jambo hili wenyewe kwa kalamu, maana wengi huja wakiamini kwamba kumhudumia maskini lazima kusubiri mfadhili. Zikishapatikana pango na mishahara, kumwongeza mtu mmoja kwenye benchi ni gharama ndogo, ilimradi muuguzi hajaelemewa. Kinachoua hesabu hii ni wanachama kutoweka. Ndiyo sababu mpiga simu nimemwekea mshahara kamili, wakati maandiko mengi humfanya mtu wa kujitolea.

Tahadhari moja kuhusu mashine za kupimia. Mashine yenyewe mara nyingi ni rahisi, hata hutolewa bure, lakini stripu zake haziingiliani na za mashine nyingine. Ukipokea msaada wa mashine 200 za aina ambayo stripu zake hazipatikani mkoani kwako, umepokea mzigo. Uliza bei ya stripu, tarehe za kuisha muda, na kama zimesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kabla ya kupiga picha ya makabidhiano. Na kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, usikimbilie kukinunulia mashine. Ingia makubaliano na maabara ya hospitali iliyo karibu. Kumbuka pia kwamba kwa mwenye selimundu au upungufu mkubwa wa damu kipimo hicho kinaweza kudanganya, na katika nchi yetu watu hao si wachache.

Ningependa kukaa zaidi kwenye miguu, kwa sababu hapo ndipo kituo kidogo kinaweza kuokoa kikubwa kwa gharama ndogo kuliko mahali pengine popote. Sukari ya muda mrefu huua neva, mguu ukafa ganzi, na mguu wenye ganzi haulalamiki. Mtu hukanyaga msumari asubuhi na kuuona jioni anapovua kiatu. Dkt. Zulfiqarali Abbas na wenzake waliandika kuhusu wagonjwa wa kisukari hapa Tanzania waliong'atwa na panya miguuni wakiwa wamelala, wasishtuke. Abbas huyo huyo ni miongoni mwa walioongoza mpango wa Step by Step, ulioendeshwa Tanzania na India kuanzia miaka ya mwanzoni ya 2000, wa kuwafundisha madaktari na wauguzi wa hospitali za kawaida kuzuia na kutibu vidonda vya miguu kabla havijafika kwenye msumeno.

Uchunguzi wenyewe ni huu. Mgonjwa anavua viatu na soksi vyote viwili, si kimoja. Muuguzi anatazama kati ya vidole, nyayo, visigino vilivyopasuka na kucha, kisha anapapasa mapigo ya damu juu ya mguu. Halafu anachukua uzi mgumu wa nailoni wa gramu 10, anamwomba mgonjwa afumbe macho, anaugusisha sehemu kadhaa za unyayo mpaka uzi unapinda, na mgonjwa anasema "ndiyo" kila anapousikia. Akinyamaza, hapo pana ganzi. Ni dakika chache. Mwisho muuguzi anaingiza mkono ndani ya kiatu kutafuta kokoto au mshono uliochomoza. Mwenye ganzi anaandikwa kwenye daftari la peke yake, anaangaliwa kila ujio, na anafundishwa yeye pamoja na anayeishi naye kukagua miguu kila jioni. Hili lote liwe ndani ya ada, lisitozwe kando, la sivyo watu watalikwepa.

Kuhusu insulini, uwe mwangalifu na ahadi zako. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza, ambaye mwili wake hautengenezi insulini, mara nyingi mtoto au kijana, akikosa insulini kwa siku chache anaweza kufa. Mtoto anayetapika, anayehema kwa nguvu, aliyekonda na kukojoa mno apimwe sukari hapo hapo hata kama mama anasema ni malaria, na akimbizwe hospitali. Kituo chako kisiwe chanzo pekee cha insulini ya mtoto yeyote. Muunganishe na kliniki ya serikali na programu zinazotoa insulini kwa watoto, wewe ubaki na kazi ya elimu, ufuatiliaji na kuipigia simu familia. Utunzaji nao uingie kwenye mpango: chupa ambazo hazijafunguliwa hukaa nyuzi 2 hadi 8, zisigande. Kwa nyumba zisizo na friji, chungu cha udongo chenye maji kimewasaidia wengi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva na Madaktari Wasio na Mipaka walipima joto la nyumba za kambi ya wakimbizi ya Dadaab, Kenya, na mwaka 2021 wakachapisha kwamba insulini iliyokaa kati ya nyuzi 25 na 37 ilidumisha nguvu yake kwa wiki nne. Hiyo si ruhusa ya kuacha chupa dirishani. Inampa mama wa kijijini njia, akisimamiwa na wataalamu.

Kalenda ya huduma ifuate maisha ya watu unaowahudumia. Ukiwa Tanga, Zanzibar, Kilwa au Ujiji, ita wanachama wako wiki 6 hadi 8 kabla ya Ramadhani. Wapo wanaoweza kufunga kwa salama dozi na saa za dawa zikipangwa upya, na wapo ambao daktari atawaambia wazi kwamba hatari ni kubwa. Wote wajue kwamba sukari ikishuka chini ya 3.9 mfungo huo unavunjwa pale pale. Zungumza nao na kuhusu futari: tende, uji wenye sukari, kaimati na viazi kwa pamoja ni mzigo mkubwa. Mshirikishe imamu wa msikiti wa mtaa, kwa sababu kuna mzee ambaye hatalikubali neno la daktari mpaka alisikie na kwake.

Mambo ya usajili nitayapitia haraka. Tanzania haina usajili wa pekee wa biashara za kijamii. Unaweza kuwa asasi isiyo ya kiserikali chini ya sheria ya mwaka 2002, ambayo haigawi faida, au kampuni ya hisa iliyosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na wanahisa wakaandika kwenye katiba yake sehemu ya faida itakayorudi kwenye huduma. Naipendelea ya pili kwa anayetaka kusimama kwa ada, mradi kifungu hicho kiandikwe kabla faida haijaonekana. Kliniki, maabara na dawa kila kimoja kina kibali chake, kwa hiyo mfikie mapema Mganga Mkuu wa Halmashauri. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 nayo itabadilisha nani anayelipa nini. Jipange kuingia mkataba na bima, lakini weka akiba ya kuendesha kituo miezi mitatu bila kulipwa madai yoyote.

Jambo la mwisho ambalo silioni kwenye andiko lolote mpaka niliulize: mkilazimika kufunga, watu hawa wataenda wapi? Biashara ya chapati ikifungwa, wateja huvuka barabara. Mgonjwa wa kisukari hubaki na dozi aliyozoeshwa, bila kadi na bila anayejua historia yake. Andika sasa, kabla ya kumpokea wa kwanza, makubaliano na hospitali ya wilaya kwamba itawapokea. Mpe kila mwanachama daftari lake mwenyewe lenye vipimo na dawa zote, nakala ikibaki kwako. Toa notisi ya miezi mitatu. Wenye ganzi miguuni na wanaotumia insulini wakabidhiwe mmoja mmoja kwa majina, muuguzi wa upande wa pili akithibitisha kwa simu kwamba ameshamwona kila aliyeorodheshwa.