Je, Wajua? Naitrojeni ya Urea Haitoki Kwenye Gesi Asilia

Bei ya gesi asilia ikipanda duniani, bei ya urea haichelewi kuifuata. Wakulima waliliona hilo mwaka 2021 na 2022. Ndiyo maana wengi huamini kwamba urea ni gesi iliyogeuzwa punje nyeupe: gesi iingie kiwandani upande huu, mbolea itoke upande ule. Imani hiyo inaficha jambo la kustaajabisha kuliko yote. Naitrojeni, ambayo ndiyo mkulima anayoilipia anaponunua mbolea hii ya kukuzia, haitoki kwenye gesi. Inatoka hewani.

Tupime mfuko wa kilo 50. Ndani yake mna naitrojeni kilo 23 hivi, oksijeni kilo 13, kaboni kilo 10, na haidrojeni kilo 3 na kidogo. Gesi asilia kwa sehemu kubwa ni metheni, na metheni ni kaboni na haidrojeni tu. Inachangia ile kaboni pamoja na karibu nusu ya haidrojeni. Nusu nyingine hutoka kwenye mvuke wa maji. Kaboni hiyo nayo haidumu shambani. Urea ikipata unyevu, vimeng'enya vilivyomo kwenye udongo huivunja, na kaboni yake huishia kuwa kaboni dioksidi. Kinachobaki kwa ajili ya mahindi ni naitrojeni.

Kiwanda cha Sable cha Kwekwe, Zimbabwe, ni ushahidi mzuri. Kwa miongo kadhaa, hadi mwaka 2015, kilitengeneza amonia ya mbolea, yaani naitrojeni iliyounganishwa na haidrojeni, bila gesi asilia: haidrojeni ilipatikana kwa kupasua maji kwa umeme, na naitrojeni ilichukuliwa hewani kama kawaida. Gesi, basi, ni njia mojawapo ya kupata haidrojeni na joto. Kwa kuwa mara nyingi ndiyo njia ya bei nafuu, viwanda vingi vimeitegemea, na bei ya mbolea ikafungamana nayo.

Hewa yenyewe huingia hivi. Kwenye tanuri la kwanza, metheni na mvuke hupitishwa juu ya nikeli na kutoa haidrojeni. Kwenye tanuri la pili hupulizwa hewa ya kawaida. Oksijeni yake huungua na sehemu ya gesi, naitrojeni ikabaki.

Hapo ndipo ugumu unapoanza. Hewa ni naitrojeni kwa asilimia 78, lakini mmea hauwezi kuitumia, kwa sababu atomi zake zimeshikana mbili mbili kwa kiungo cha mara tatu, kimojawapo cha viungo imara kabisa vinavyojulikana katika kemia. Mwanakemia Fritz Haber alionyesha mwaka 1909 kwamba inawezekana kuiunganisha na haidrojeni kwa mgandamizo mkubwa. Carl Bosch na wenzake wa kampuni ya kemikali ya BASF wakaigeuza kuwa kazi ya kiwanda, na uzalishaji ukaanza Oppau, Ujerumani, mwaka 1913. Alwin Mittasch ndiye aliyeongoza maelfu ya majaribio yaliyofikia kwenye kichocheo kinachofaa, yaani kitu kinachoharakisha kazi bila chenyewe kuisha: chuma kilichochanganywa na vitu vingine kidogo.

Aliyewahi kufua nazi ataielewa kazi ya chuma hicho. Makumbi hayabanduki kwa mikono mitupu. Lakini nazi ikichomwa kwenye ncha ya kifuo na kupindwa, makumbi huachia kipande baada ya kipande, na kifuo hubaki kilekile kikingoja nazi nyingine. Vivyo hivyo, molekuli ya naitrojeni hutua juu ya chuma, chuma huisukumia elektroni, kiungo hulegea, na atomi mbili huachana, kila moja ikiwa imeshika chuma. Haidrojeni huja kuungana nazo moja moja, hadi kila atomi ipate tatu. Amonia imekamilika, inabanduka, nafasi inabaki wazi. Gerhard Ertl aliyefuatilia hatua hizo juu ya uso wa chuma alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2007.

Hata hivyo kichocheo hakimalizi shida. Bila joto la nyuzi 400 hadi 500 kazi huenda polepole mno, na joto likizidi amonia huvunjika tena. Kwa hiyo mchanganyiko wa naitrojeni na haidrojeni hubanwa kwa mgandamizo unaozidi ule wa hewa yetu mara 100 na zaidi, na bado sehemu ndogo tu hugeuka kila mzunguko. Amonia hupoozwa ikawa kimiminika, mchanganyiko uliobaki ukarudishwa kwenye kichocheo. Baadaye amonia huunganishwa na kaboni dioksidi iliyopatikana kiwandani humo humo, na urea ikapatikana.

Bakteria wa kwenye vinundu vya mizizi ya kunde na maharage huvunja kiungo hichohicho katika joto la kawaida la udongo. Kimeng'enya chao pia kina chuma, pamoja na molibdenamu, na wanakemia bado wanajadiliana kuhusu hatua zake. Nacho hakifanyi kazi bure: kwa kila molekuli moja ya naitrojeni hutumia angalau molekuli 16 za ATP, kibeba nishati cha seli, na nishati hiyo hutokana na sukari ambayo mmea wenyewe umeitengeneza.