Seli T zikichoka, dawa ya kuongeza kinga haisaidii

Hapa Lubumbashi, mgonjwa wa kifua kikuu akishaanza vidonge, haichukui muda kabla hajasema: «Dokta, unipe na dawa ya kuongeza kinga.» Wengine wameshainunua sokoni, unga wa majani kwenye chupa isiyo na jina. Kazi yangu ni kuchunguza seli za kinga maabara, na jibu langu huwaudhi: kinga yako ipo, ila imechoka, na uchovu huo kwa kiasi fulani unakulinda.

Ukitazama kwa hadubini kipande cha pafu lenye ugonjwa, utaona donge, yaani granuloma. Ndani yake mna makrofaji, yaani seli za kinga zinazomeza vijidudu, na hizi zimemeza bakteria. Seli T, ambazo kazi yake ni kuziamsha makrofaji hizo ziwaue bakteria, zimejazana ukingoni. Seli T isipoigusa makrofaji haina faida kubwa, na zinazofika ndani ni chache.

Hizo chache ndizo zinazochoka. Protini ya bakteria iitwayo ESAT-6 huendelea kuonekana mwezi baada ya mwezi, hivyo seli inayoitambua haipumziki. Kwa kawaida inapoteza uwezo wa kutoa protini za kuziamsha seli nyingine: kwanza IL-2, kisha TNF, mwishowe hata interferoni gama. Seli T zinazotambua Ag85B, protini nyingine ya bakteria, zina shida tofauti: baada ya wiki za mwanzo bakteria hupunguza sana protini hiyo, nazo zinabaki bila kazi. Mdudu mjanja huyu!

Seli iliyochoka huwa imejaa PD-1, kipokezi kinachofanya kazi ya breki. Basi si tuing'oe? Ilijaribiwa kwa panya wasio na PD-1: wakiambukizwa, hufa haraka kuliko panya wa kawaida, mapafu yameharibiwa na uvimbe wa kinga yao wenyewe. Na wako wagonjwa wa saratani waliopewa dawa za kuzuia PD-1, kifua kikuu kilichokuwa kimelala kikaamka.

Kinachoipumzisha seli T ni kumwondoa bakteria: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli kwa miezi 2, kisha rifampisini na isoniazidi kwa miezi 4. Chakula cha kutosha, ndiyo, kwa sababu utapiamlo huzidhoofisha kweli. Kipimo cha VVU pia, maana virusi hivyo huziua seli za CD4, ambazo ni aina ya seli T. Na papa anayechimba madini nitamuuliza habari za vumbi kabla ya yote: silika, madini yaliyomo kwenye vumbi la mawe, huua makrofaji zenyewe, na hapo hata seli T yenye nguvu haina wa kumwamsha.